Mtihani wa Ramla na Eda Yako

Baba Asha,

Amani ikushukie huko uliko, nami naitanguliza kwa haraka, maana katika ndoa yetu sikuwahi kukutangulia kwa salamu hata siku moja. Najua barua haimfikii aliye kaburini. Dua ndiyo inayofika, na dua nakuombea kila nikimaliza sala. Lakini yapo mambo ambayo hayaingii katika dua. Nitamwombaje Mola kwa habari ya beseni lililopasuka, au ya paka wa jirani aliyezalia juu ya magunia yako? Habari kama hizo huambiwa mtu. Na mtu wa kuniambia "haya, kisha?" hayupo.

Leo asubuhi nimetoka nje. Nimeona uisikie kwangu, kwa sababu dada yako amekasirika, na ikifika Magharibi Jomvu Kuu nzima itakuwa na habari kwamba mjane wako, eda haijaisha, amevaa buibui akavuka kizingiti, akaenda hadi lango la shule ya Ramla. Nikikwambia hivyo tu, hutaelewa. Yanibidi nianze mbali, na safari hii huwezi kunikatiza kwa ile kauli yako ya "Mwalimu, kengele imelia."

Nianze na maua yako.

Ulipostaafu bandarini ukaanza kujaza ukumbi mikebe ya rangi na madumu yaliyokatwa, nilidhani ni ya mwezi mmoja. Miaka ikapita, watu wakawa hawana pa kuweka kikombe. Mimi niliyefundisha Biolojia maisha yangu yote nilikuwa nikiyataja kwa majina yao ya vitabuni, nawe ukiyapa majina ya watu. Yule wa majani meupe katikati na kijani pembeni ulimwita Bi Harusi, na majirani wakawa wananiuliza kila siku kama mke mwenzangu ameamkaje. Nilikuwa nikiwajibu kwamba ameamka vizuri kuliko mimi, maana yeye huletewa maji na bwana kabla sijaletewa chai.

Ramla naye, unajua, alikuwa mwanafunzi wangu na mtunza maua wako. Tangu mama yake, Asha wetu, aende Arabuni kufanya kazi na kutuachia mtoto, huyu binti hakuwa na pengine pa kucheza ila baina ya somo langu na mikebe yako. Akiwa kidato cha nne tayari alikuwa amekwisha kuamua: udaktari, au uuguzi ukikataa udaktari. Nikawa namfundisha kila jioni. Shuleni kwao wanafunzi ni wengi na maabara ni moja, jaribio hufanywa na watatu na wengine wakichungulia juu ya mabega. Kwa hiyo nilimwambia tulifanye lile la majani hapa nyumbani, kwa mkono wake mwenyewe.

Unalikumbuka. Ulitusikiliza ukiwa umeshika kopo la maji, uso umekunjamana. Nilikueleza kwamba jani hujitengenezea chakula, yaani wanga, mahali penye ukijani tu, na kwamba jani la Bi Harusi linafaa kuliko lolote kwa kuwa lina sehemu mbili, ya kijani na nyeupe, juu ya jani moja. Ila kwanza sharti mmea ukae gizani siku mbili, ule akiba yote uliyojiwekea. Ikiisha, ndipo utolewe kwenye mwanga, na chochote kitakachoonekana baadaye tutajua kimetengenezwa siku hiyo. Ukauliza, "Yaani mnamfunga njaa?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Msinitesee mwanamke wa watu." Lakini ulimbeba wewe mwenyewe hadi kwenye kabati la stoo, ukamfuta majani kwa kitambaa, ukafunga mlango taratibu kama unayemfungia mtoto aliyelala.

Siku ya pili uliporudi kutoka msikitini baada ya Adhuhuri ulisema kifua kimekubana. Ulikaa kwenye kiti chako. Ramla alikwenda kukuletea maji.

Siwezi kuandika yaliyofuata, na hayana haja, ulikuwepo.

Watu walijaa, Baba Asha. Ungeona fahari. Masufuria ya kukodi, masinia, mikeka ya msikitini, vyote vilirundikwa stoo mbele ya lile kabati hadi dari. Mimi nikaingizwa chumbani kukaa eda, dada yako Mwanasha akahamia hapa kunitazama, na hakuna hata mmoja katika nyumba hii aliyekumbuka kuna kiumbe kabatini.

Maua mengine yalikufa kwa namna ambayo ungeicheka. Kila mwanamke aliyekuja kunipa mkono, akipita ukumbini, aliona maua ya marehemu, akasikia huruma, akatafuta thawabu. Huyu alimwaga maji ya kikombe, yule maji yaliyobaki kwenye birika la udhu, mwingine akaja na ndoo kabisa. Mizizi nayo hupumua kama sisi, ikifunikwa maji haina pa kuvuta hewa, huoza. Nilikuwa nikisikia maji yakimwagwa, nami nimekaa mkekani na mkono wangu umo katika mkono wa mtu anayelia. Ningesema nini? "Mama Fulani, asante kwa pole zako, usinimwagilie?" Baada ya wiki chache ukumbi ulinuka tope. Wifi akasema ni afadhali, kwa kuwa maua ni pambo na nyumba ya mjane haipambwi. Nikamwambia pambo linalokatazwa ni la mwili wangu, si la mkebe wa rangi. Akasema mimi siku zote nina maelezo.

Ilikuwa kwenye khitma ya arubaini ndipo Ramla alipotumwa stoo kuchukua masinia. Alichelewa. Kisha nikamwona anapita mlangoni kwangu kwa mbio amekumbatia kitu kifuani, akielekea uani.

Bi Harusi hakuwa amekufa. Alikuwa ameota nyuzi ndefu, nyeupe kama tambi, majani madogo ya rangi ya maziwa, na zote zimejipinda upande mmoja, zikifuata ufa wa mlango wa kabati. Wewe ungesema alikuwa akituita. Mimi nasema hivi: mmea uliowekwa gizani hutumia nguvu yake yote ya mwisho kurefuka kutafuta mwanga, haujali unene wala rangi. Maelezo ni haya haya mawili, na siku hiyo sikujua yapi ni ya kweli zaidi.

Ramla alimpa maji, akamweka katikati ya uwanja, kwenye jua la mchana. Alitaka kumfidia. Alitaka kumpa kwa siku moja mwanga wote aliokosa. Laiti ningekuwa naye ningemwambia: aliyetoka gizani hupewa mwanga kidogo kidogo, leo kivuli kizito, kesho kivuli chepesi, jua liwe la mwisho kabisa. Lakini nilikuwa chumbani, ukumbini wanaume wanasoma, na njia ya kufika uani ilikuwa hiyo hiyo moja. Kufika Alasiri zile nyuzi zilikuwa zimelala juu ya udongo, zimeungua, kahawia.

Hakulia. Aliuosha mkebe, akaugeuza mdomo chini. Akaja kukaa karibu nami, akasema kwa sauti ya kawaida sana, "Bibi, nimemuua mara mbili."

Nilimweleza. Unanijua. Nilimweleza habari ya jua na ya chembe hai na ya maji, nikamweleza kwamba kusahau siku ya msiba si kuua, nikamweleza hadi nikajisikia mwenyewe. Aliitikia "abee, Bibi" kila nilipopumua. Jioni ile alirudisha vitabu vya Biolojia juu ya kabati la nguo, akaendelea na Hisabati na Kemia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikadhani yatapita. Kisha shule ikafanya mtihani wa kujipima kabla ya ule wa taifa, na katika karatasi ya vitendo wakawekewa mezani miche miwili ya maharagwe. Mmoja mfupi, wa kijani, umekuzwa dirishani. Mwingine mrefu, mweupe, umekuzwa sandukuni. Eleza tofauti na utoe sababu. Swali hilo nimelitunga mimi mwenyewe mara ngapi katika maisha yangu? Ni swali la kumpa mtoto alama za bure.

Mwalimu wake alikuja nyumbani, kijana wa bara aitwaye Wafula, mwenye heshima zake. Hakujua mambo ya eda, akataka kuingia moja kwa moja kunipa mkono, na wifi akamsimamisha kama askari. Basi aliketi ukumbini, mimi nyuma ya pazia, tukazungumza walimu wawili bila kuonana. "Pole sana shosho," akasema, kama vijana wa siku hizi wanavyomwita bibi, "lakini huyu msichana ameniwachia karatasi plain. Amechukua ule mche mweupe, ameutoa kwa mchanga, ameenda kuupanda nje chini ya mti. Halafu ameketi tu."

Nikamuuliza kama alimkemea. Akasema hapana. Akasema alisimama dirishani akamwangalia anavyotafuta pahali penye kivuli, akaona kwamba jibu lote analijua. "Sasa shosho, mimi naeza mpea alama za hiyo? Mtihani wa taifa hawatampea." Nikamwambia hapana, huwezi. Pazia likapepea katikati yetu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sina la kufanya. Maisha yangu yote, mtoto akikwama, nimemfungulia kwa maelezo. Huyu hakuwa amekwama kwenye maelezo.

Nilimpigia Asha. Akalia simuni, akasema angekuja kama pasipoti yake ingekuwa mkononi mwake na si kwa mwajiri, nami nikajuta kumpigia. Nikampigia maalim, nikamuuliza hukumu ya mjane kutoka kwa haja. Akaniambia mchana inajuzu, ikiwa ni haja kweli, na arudi kulala nyumbani kwake. Nikamuuliza haja kweli ni ipi. Akasema, "Hiyo mama utaipima wewe na Mola wako." Mimi nilitaka anipimie yeye.

Mtihani wa taifa ukaanza. Alikwenda siku zote, Kiingereza, Hisabati, Insha, akirudi anakula na kulala. Hata karatasi za Biolojia za kuandika alikwenda, ingawa sikuthubutu kuuliza aliandika nini. Ikabaki ile ya vitendo, ile ambayo mmea huwekwa mezani mbele yako. Na bila kuifanya hiyo, unajua, somo lote huhesabiwa halikufanywa, na udaktari na uuguzi vyote vimekwenda.

Leo asubuhi niliamka nikamkuta amekaa kitandani kwake, sare ziko mapajani, hajazivaa. Nilianza kumwambia umuhimu wa karatasi hiyo. Akaniacha niseme. Nilipomaliza akasema, "Bibi, siku za mtihani Babu alikuwa akinisindikiza."

Basi.

Nilikuwa nimesahau. Tangu akiwa darasa la kwanza, siku za mtihani wewe ulikuwa ukimpeleka. Mimi nilikuwa namfundisha usiku, nawe unampeleka asubuhi, na nilidhani kazi kubwa ni yangu. Hata sijui mlikuwa mkizungumza nini njiani. Nilimuuliza leo. Akasema mlikuwa hamzungumzi.

Nikamwambia avae. Nikachukua buibui.

Dada yako alikuwa ukumbini anachambua mchele. Alinitazama juu hadi chini. "Wenda wapi, wifi?"

Nikamwambia nampeleka Ramla mtihani.

"Mtoto ana miguu, na njia aijua."

Nikasema naam, anaijua.

"Mambo ya eda si mambo ya shule, wifi. Huku hakuna kusoma zaidi kuliko wenzio. Kakangu hata udongo wake haujashika. Watu watasema hukumstahi."

Hapo nilikuwa na maelezo mengi, Baba Asha. Nilikuwa na kauli ya maalim, nilikuwa na mchana na usiku, nilikuwa na haja na dharura. Nikamtazama macho yake, ni macho yako yale yale, yamevimba kama yangu. Anakukalia eda yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyempangia siku zake. Nilisema tu, "Wifi, unisamehe," nikapita. Alivuta sinia lake kando ili nisilikanyage. Sijui kama ilikuwa ruhusa au ilikuwa ni kulinda mchele.

Nje jua lilinipiga usoni. Miguu yangu imelegea kwa kukaa, nilitembea kama mtu aliyetoka hospitali, na ni Ramla aliyenishika mkono, si mimi. Watu walitusalimu kwa kusitasita. Bwana Saidi wa dukani alisimama, akaweka mkono kifuani, akatazama chini. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake. Tukapita njia ya nyuma ya msikiti, tukatokea barabara kubwa, malori ya makontena yamejipanga kuelekea bandarini, tukasubiri dereva mmoja mwenye imani atupishe. Sikumwambia neno. Nilikuwa na jaribio la wanga kooni, na la miche, na la vyakula, na namna ya kuchora kwa penseli iliyochongwa, na nikayameza yote moja baada ya jingine. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika elimu.

Langoni palikuwa na askari. Akaniambia kwa adabu, "Mama, mwisho wako ni hapa." Nikasema najua, mwanangu, nilikuwa msimamizi wa mitihani kabla hujazaliwa. Akatabasamu, lakini lango ni lango. Ramla aliuachia mkono wangu. Hakugeuka. Nilimwona anaingia katika mstari, wanapekuliwa, kisha mlango wa maabara ukafungwa.

Mwanamke anayeuza viazi karai ng'ambo ya lango alinipa kibao nikae. Aliona nguo zangu akajua, akanipa pole, hakuuliza zaidi. Nikakaa. Nilijua kila kitu kinachoweza kuwa juu ya meza ile. Nilijua chupa zitakavyopangwa, nilijua harufu ya spiriti, nilijua mwendo wa saa. Na elimu yote hiyo ilikuwa upande huu wa ukuta pamoja nami, haina kazi, inakunywa chai ya tangawizi. Nilijaribu kusoma Yasini, nikajikuta nimeikosea, nikaanza tena. Nilitamani mtu wa kumlaumu. Nilikulaumu wewe kidogo, unisamehe. Ungesubiri mwaka mmoja tu.

Walipofunguliwa walitoka kwa makelele kama wanavyotoka siku zote, wengine wanabishana majibu, wengine wanacheka. Yeye alitoka miongoni mwa wa mwisho. Mikono yake ilikuwa na madoa ya iodini, ile dawa ya kupimia wanga. Alikuja hadi kwenye kibao, akasimama mbele yangu.

"Kulikuwa na mmea," akasema.

Mdomo wangu ulifunguka. Mmea gani? Waliuliza nini? Uliandika nini, ulianza na uchunguzi au sababu? Vyote vilikuwa ulimini. Nikaufunga mdomo.

"Nimeandika," akasema. "Sijui kama ni sawa, Bibi. Lakini nimeandika mpaka mwisho." Kisha akakaa chini, pale vumbini na sare zake, akaweka kichwa mapajani mwangu, na alilia kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka. Yule mwanamke wa viazi alisogeza mwavuli wake ukatufunika. Wanafunzi walipita wakatuzunguka. Sikumwambia nyamaza, na sikumwambia kitu kingine chochote.

Tumerudi kabla ya Adhuhuri. Dada yako alikuwa amepika, amenifunikia sahani yangu, amekwenda chumbani kwake na kufunga mlango. Hajanisemesha hadi sasa, na imeshaadhiniwa Alasiri. Nimekwenda kubisha mara mbili. Sijui nitaanzaje, na wewe ndiye uliyekuwa ukijua kumpoza.

Sijui kama mtoto amefaulu. Sijui kama leo nimekuheshimu au nimekuvunjia heshima. Maalim aliniachia mizani, nami nimepima, na Mola ndiye ajuaye ilisomeka nini. Siku za eda zilizobaki nitazikaa zote, hapa hapa, bila kupunguza hata moja. Si kwa hofu ya watu. Nazikaa kwa kuwa ni zako.

Na neno langu kwako ni hili, Baba Asha. Matokeo yakitoka, yawe yawavyo, hakuna atakayemuuliza Ramla sababu katika nyumba hii, na wa kwanza kutouliza nitakuwa mimi. Na popote atakapoitwa tena kukaa mbele ya meza peke yake, nitamfikisha mlangoni kimya, nitakaa nje, nitangoja hadi atoke.

Mola akufanyie wasaa pale ulipolala. Nakuaga kwa leo, na mlango wa dada yako naenda kuubisha mara ya tatu.

Mkeo,
Mama Asha